Johannes Kepler, Mtafuta Njia za Nyota

Twamkumbuka Johannes Kepler, Mlutheri wa Ujerumani, aliyezaliwa mwaka 1571. Alisomea uchungaji Tübingen, kisha akatumwa Graz kufundisha hesabu. Mwaka 1600 alifukuzwa huko kwa kukataa kuiacha imani yake. Mwaka 1609 akatangaza ya kuwa Mirihi hulizunguka jua kwa njia iliyorefuka kidogo, wala si duara kamili kama ilivyodhaniwa tangu kale. Kazi hiyo aliihesabu kuwa ni kumtukuza Mwumba. Lakini mwaka 1612, katika mji wa Linz, mchungaji wa Kilutheri alimnyima Meza ya Bwana, kwa kuwa hakukubali Kanuni ya Mapatano yote pia. Hata hivyo hakuiacha imani wala elimu hata kufa kwake, mwaka 1630. Basi sisi tulindao mlango wa kanisa, tusiwe wepesi kuufunga.