Sayyid Ali bin Hamud: Alijiuzulu au Aliuzuliwa?

Utangulizi

Kitenzi uzulu kimetokana na Kiarabu, na maana yake ni kumwondoa mtu katika cheo. Kikitiwa kiambishi kirejeshi -ji-, mtenda na mtendwa huwa mtu mmoja: anayejiuzulu hujiondoa mwenyewe kwa hiari yake. Tarehe 9 Desemba 1911, Sayyid Ali bin Hamud, Sultani wa Zanzibar, alijiuzulu. Hivyo ndivyo vitabu vingi vya historia vinavyosema, na sababu inayotajwa ni afya. Hata hivyo, mtu akiyafuata maisha ya Sultani huyo tangu utotoni mwake hadi kifo chake, ataona kwamba kiambishi hicho kidogo kimebebeshwa mzigo mzito kuliko uwezo wake.

Malezi

Sayyid Ali alizaliwa tarehe 7 Juni 1884 katika ukoo wa Al-Busaidi. Alipokuwa na umri wa miaka 6, mwaka 1890, Zanzibar ilifanywa nchi ya himaya ya Uingereza. Katika makubaliano ya mwaka huo, Sultani aliachiwa haki ya kumtaja mrithi wake, lakini kwa sharti kwamba Serikali ya Uingereza imkubali mrithi huyo. Sharti hilo lilibadilisha mambo kabisa. Kwa desturi ya Al-Busaidi, mtoto wa kwanza hakuwa na haki ya moja kwa moja ya kurithi kiti. Jambo hilo liliamuliwa kwa uwezo wa mtu, heshima yake mbele ya jamaa na wazee, na mara nyingine kwa upanga. Tangu 1890, mzee mmoja mgeni aliongezwa katika baraza hilo la ukoo, naye ndiye aliyekuwa na neno la mwisho.

Maana halisi ya sharti hilo ilidhihirika Agosti 1896. Sultani Hamad bin Thuwaini alipofariki tarehe 25, Sayyid Khalid bin Barghash aliingia katika kasri na kukalia kiti bila idhini ya Waingereza. Asubuhi ya tarehe 27, manowari za Kiingereza zililipiga kasri kwa mizinga kwa muda wa dakika 40 hivi. Watu wapatao 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa. Khalid alikimbilia katika ubalozi wa Ujerumani, kisha akapelekwa Dar es Salaam. Siku hiyo hiyo Waingereza walimtawaza Sayyid Hamud bin Muhammed, baba yake Ali.

Kijana Ali, aliyekuwa na miaka 12, alishuhudia basi namna baba yake alivyopata enzi. Baadaye alipelekwa Uingereza kusoma katika shule ya Harrow, shule ya watoto wa mabwana wa nchi hiyo. Waliompeleka huko walitaraji kumpata Sultani atakayeifahamu lugha yao na kuzitii njia zao. Lugha aliifahamu.

Kiti chenye mwangalizi

Sultani Hamud alifariki tarehe 18 Julai 1902, na siku mbili baadaye Ali akatangazwa kuwa Sultani. Alikuwa na umri wa miaka 18. Kwa kuwa alihesabiwa kuwa bado mtoto, nchi iliwekwa chini ya uangalizi wa Waziri wa Kwanza, Mwingereza A. S. Rogers, ambaye hapo awali aliwahi kuwa afisa huko Lamu. Kwa takriban miaka mitatu Sultani alivaa joho na kilemba, naye Rogers akatawala. Ali alikabidhiwa madaraka tarehe 7 Juni 1905, siku aliyotimiza miaka 21.

Kukabidhiwa huko hakukudumu. Mwaka 1906 serikali ya Zanzibar ilipangwa upya. Mambo ya fedha, sheria na utawala yaliimarishwa mikononi mwa maafisa wa Kiingereza waliowajibika kwa balozi wao kuliko kwa Sultani. Amri ziliendelea kutolewa kwa jina la Ali. Hata amri ya mwaka 1909, iliyomaliza kabisa utumwa ambao hadhi yake ya kisheria iliondolewa mwaka 1897, ilitolewa kwa jina lake.

Ni haki kuongeza kwamba Sayyid Ali hakuwa mtetezi wa wanyonge. Enzi ya ukoo wake ilijengwa juu ya mashamba ya karafuu yaliyolimwa na watumwa, na raia wa Unguja na Pemba hawakuulizwa na Sultani yeyote nani awatawale. Pamoja na hayo, alikuwa na fikira zake. Wakati wa utawala wake shule ilifunguliwa mjini ikiwa na mwalimu kutoka Misri, na mwaka 1907 yeye mwenyewe alifika Istanbul. Macho yake yalielekea kwenye ulimwengu wa Kiislamu, nayo ya maafisa yalielekea kwenye daftari la hesabu. Walilalamikia matumizi yake ya fedha na safari zake za mara kwa mara. Lakini mtu aliyenyang'anywa kazi nyumbani kwake, akabakiziwa posho na sherehe, atalaumiwaje kwa kusafiri?

Mwaka 1911

Mwaka 1911 Sayyid Ali alikwenda Ulaya wakati wa kutawazwa kwa Mfalme George wa Tano, sherehe iliyofanyika London tarehe 22 Juni. Hakurudi tena kutawala. Akiwa huko huko Ulaya, mbali na kasri, mbali na jamaa na wazee wake, alikiacha kiti. Afya yake haikuwa nzuri, na hilo halina ubishi. Lakini ugonjwa wa mtawala si lazima umwondoe kitini. Humwondoa pale wenye nguvu wanapoona kuwa kuondoka kwake kuna faida.

Faida hiyo ilionekana katika uteuzi wa mrithi. Balozi wa Uingereza mjini Zanzibar wakati huo alikuwa Edward Clarke. Dar es Salaam, chini ya Wajerumani, alikuwapo bado Sayyid Khalid, ambaye mwaka 1896 alionyesha kwamba kiti kikiachwa wazi hata kwa siku mbili chaweza kupata mwenyewe. Safari hii hakukuwa na nafasi ya namna hiyo. Kiti kilipewa Sayyid Khalifa bin Harub tarehe ile ile 9 Desemba. Khalifa alizaliwa Maskati mwaka 1879, alikuwa mpwa wa Sultani Hamad bin Thuwaini kwa upande wa baba, na mumewe Bibi Matuka, dada yake Ali. Ukoo ulikuwa ule ule, na mwenye busara na upole alipatikana. Kazi iliyofanywa kwa mizinga mwaka 1896 ilifanywa kwa kalamu mwaka 1911, wala hapakusikika kishindo.

Yaliyofuata yanaeleza mengi. Jumba la Beit al-Ajaib, fahari ya masultani, liligeuzwa kuwa ofisi za serikali mwaka huo huo wa 1911. Mwaka 1913 Zanzibar iliondolewa katika Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza na kuwekwa chini ya Wizara ya Makoloni. Mwaka uliofuata vyeo vya balozi na Waziri wa Kwanza viliunganishwa kuwa cheo kimoja cha Residenti. Sayyid Khalifa alikaa kitini hadi alipofariki tarehe 9 Oktoba 1960, muda wa karibu miaka 49.

Sayyid Ali alibaki Ulaya. Alifariki mjini Paris tarehe 20 Desemba 1918, akiwa na umri wa miaka 34.

Hitimisho

Maisha haya yana uhusiano na Nairobi kuliko inavyodhaniwa. Pwani ya Kenya, kwa upana wa maili 10, ilikuwa milki ya Sultani iliyokodishwa kwa Waingereza, na ndiyo maana tangu 1920 nchi iliitwa Koloni na Himaya ya Kenya. Mswahili aliyetoka Mombasa au Lamu akahamia Pumwani, mtaa wa Waafrika ulioanzishwa Nairobi katika miaka ya 1920, aliacha nyuma yake bendera nyekundu ya Sultani na kuingia koloni la Mfalme. Bendera zilikuwa mbili, lakini aliyeamua nani akae chini ya ile nyekundu ndiye aliyeamua pia nani aishi Pumwani na nani asiishi ng'ambo ya reli. Hali hiyo ilidumu hadi 1963, pwani ilipounganishwa na Kenya huru.

Kwa hiyo, je, Sayyid Ali alijiuzulu au aliuzuliwa? Sahihi ilikuwa yake. Lakini kiti alipewa na wengine, akaangaliwa na wengine, akapunguziwa madaraka na wengine, na mrithi wake akakubaliwa na hao hao. Mtu hawezi kujiondolea kitu ambacho hakuwahi kukishika. Mwanafunzi wa Kiswahili atakapokutana tena na kitenzi hiki katika habari za watawala wa zama za ukoloni, na akiangalie kwanza kile kiambishi -ji-, kisha aulize mtenda ni nani.