Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji aliyetaka kuwa mwanahistoria

Tshibumba Kanda Matulu alizaliwa hapa mjini mwaka 1947, Lubumbashi ilipokuwa bado ikiitwa Élisabethville. Hakupita chuo kikuu. Alikuwa mmoja wa wachoraji waliopaka rangi juu ya kitambaa cha magunia ya unga, wakakaza kitambaa hicho kwenye mbao, kisha wakabeba picha zao kutafuta mnunuzi.

Wanunuzi walijua wanachotaka. Katika saloni ya mfanyakazi wa migodi au wa reli ilitundikwa picha ya mamba muntu, yule mwanamke wa majini anayeleta utajiri na balaa. Au ilitundikwa picha ya Colonie Belge: mfungwa amelala chini, askari ameinua fimbo, Mzungu anatazama. Picha za namna hiyo ziliitwa ukumbusho. Sisi wa lugha tungefaa kulitazama neno hilo kidogo. Halitokani na kukumbuka, bali na kukumbusha: picha ndiyo inayofanya kazi, na mwenye nyumba ndiye anayefanyiwa. Naamini Tshibumba alilielewa neno hilo kuliko wengi wetu tunaolichambua ubaoni.

Alikuwa na nia iliyopita soko hilo. Alitaka kusimulia historia ya nchi nzima, tangu mwanzo, na ahesabiwe kuwa mwanahistoria. Nia za namna hii hazikosekani mjini kwetu. Kila promosheni ina mtu atakayeandika kamusi ya Kiswahili cha Katanga, na mwingine atakayekusanya hadithi za bibi yake. Kinachonivuta kwa Tshibumba ni jinsi alivyoitoa nia yake kichwani na kuiweka mahali ambapo watu wangeweza kuiona na kuihesabu.

Mwaka 1973 alikutana na Johannes Fabian, mwanaanthropolojia Mjerumani aliyekuwa akifundisha hapa Lubumbashi, katika chuo kikuu kilichoitwa wakati huo UNAZA. Angeweza kumuuzia mamba muntu mmoja, apokee pesa, aende zake. Badala yake alimfunulia mpango wake. Fabian alikubali kununua picha hizo, na Tshibumba akaanza kuzileta kwa mafungu, hadi mwaka 1974. Mwishowe zilipita 100.

Wapo wanaosema kwamba Fabian ndiye aliyemtengeneza Tshibumba. Sikubaliani nao. Ni kweli kwamba bila mnunuzi mfululizo ule usingekamilika, kwani rangi ni pesa na watoto hula kila siku. Lakini mnunuzi hakumpa mpangilio. Nani aanze, nani afuate, lipi liachwe: hayo aliyapanga mchoraji mwenyewe. Alianza na falme za zamani na Wareno wa Diogo Cão waliofika Kongo, akapita kwenye utawala wa Wabelgiji na hukumu ya Simon Kimbangu, hadi uhuru na miaka ya Mobutu. Tena alichagua kipimo cha kazi kinachomalizika. Historia ya nchi haimaliziki, ila kipande kimoja cha kitambaa humalizika. Rangi hukauka, picha hupelekwa, na kesho kuna nyingine.

Kati ya picha hizo mbili hunisimamisha zaidi. Moja ni ya mgomo wa Desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière walipopigwa risasi hapa mjini. Tshibumba alikuwa hajazaliwa. Nyingine ni ya kifo cha Lumumba, aliyeuawa tarehe 17 Januari 1961 pamoja na Mpolo na Okito, si mbali na mji huu. Mchoraji alikuwa bado mtoto. Nyuma ya miili aliweka misalaba mitatu, na kila mkristo wa Lubumbashi aliyeitazama alijua bila kuambiwa ni kilima gani hicho.

Wanahistoria wa vyeti watapata makosa ya tarehe humo, nao watakuwa na haki. Ila tarehe si jambo alilolipigania. Alitaka mtazamaji afikiri, na ndiyo maana hakuziacha picha zijisemee. Alikaa na Fabian mbele ya kinasa sauti, akaeleza moja baada ya nyingine kwa Kiswahili cha Lubumbashi, chenye Kifaransa ndani yake kama tunavyokisema sokoni na katika basi. Hicho ndicho Kiswahili tunachofundishwa kukisahihisha. Kwa lugha hiyo alibeba karne nzima za siasa, vita, dini na kazi, na haikumwishia njiani.

Fabian alichapisha picha na maelezo hayo mwaka 1996, katika kitabu cha Kiingereza. Picha zenyewe ziko Amsterdam, katika jumba la makumbusho lililoitwa zamani Tropenmuseum. Mazungumzo ya Kiswahili yamenakiliwa na kuwekwa kwenye intaneti, kwa hiyo mwanafunzi wa hapa anaweza kuyasoma kwa simu kama ana mega za kutosha. Wakati mwingine husoma ukurasa mmoja kwa sauti, na wenzangu hucheka kwanza, kwa sababu wanasikia sauti ya baba zao. Baadaye hunyamaza na kuniomba niendelee.

Baada ya Fabian kuondoka, Tshibumba aliendelea kuchora na kuuza. Mwaka 1981 alitoweka, akiwa na umri wa miaka 34 hivi, na tangu hapo anahesabiwa miongoni mwa wafu. Kaburi lake halijulikani. Jina lake analo kwenye picha, aliloliandika mwenyewe kwa rangi.