Liti wa Unyaturu: Mganga Aliyepigana kwa Nyuki

Mtahiniwa, swali kuhusu Waafrika walivyopinga kuvamiwa na wakoloni hulijui kwa mara ya kwanza. Umeshakariri Abushiri wa Pangani, Isike wa Unyanyembe, Mkwawa wa Uhehe, Mangi Meli wa Old Moshi na Kinjikitile wa Ngarambe. Wote wanaume, na karibu wote unaweza kuwaeleza kwa bunduki, mikuki na ngome. Ukitaja na Liti Kidanka wa Singida, na ukamweleza vizuri, jibu lako litasimama peke yake. Ukimweleza vibaya litaonekana kama hadithi ya kando ya moto. Soma kwa makini basi.

Liti alikuwa mwanamke wa Kinyaturu. Unyaturu ni eneo ambalo leo linaingia katika Manispaa ya Singida, Wilaya ya Singida na Wilaya ya Ikungi. Kaskazini yake wako Wanyiramba, kusini Wagogo wa Manyoni. Ni nchi kavu yenye mvua ya msimu mmoja. Watu walilima mtama na uwele, wakafuga ng'ombe, wakaishi katika nyumba za tembe, na porini wakatundika mizinga ya magogo kupata asali. Asali ya Singida haikuanza kusifiwa jana.

Jambo unalopaswa kulishika kabla ya mengine ni hili: Wanyaturu hawakuwa na mfalme mmoja. Kila eneo lilisimamiwa na koo na wazee wake. Uhehe ilikuwa na Kalenga, ngome ambayo Wajerumani waliipiga mwaka 1894. Unyaturu haikuwa na Kalenga ya kupigwa. Mahali pasipo na mtemi mkuu, mtu mwenye uwezo wa kukusanya koo nyingi ni yule anayeaminiwa na koo zote, na mara nyingi huyo ni mganga. Liti alikuwa mganga na mtabiri. Watu walimwendea kwa dawa, kwa mvua na kwa ushauri. Uongozi wake wa vita ulitoka hapo, wala hakurithi kiti.

Sababu za vita unazijua. Wajerumani waliweka kituo cha kijeshi Kilimatinde, katika Wilaya ya Manyoni ya leo, kwenye njia ya misafara ya Tabora. Mwaka 1898 ikaja kodi ya nyumba. Zikafuata kazi za lazima, kuchukuliwa kwa mifugo, na majumbe waliowekwa juu ya watu ambao hawakuwahi kuwa na jumbe. Upinzani wa Wanyaturu ulikua mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka unaotajwa zaidi ni 1908, mwaka mmoja baada ya Vita vya Maji Maji kuzimwa kusini.

Sasa tuje kwenye nyuki. Masimulizi ya wazee yanasema askari walipomwendea Liti, aliwaachia makundi ya nyuki, nao wakatawanyika na bunduki zao. Masimulizi hayohayo yanasema nyuki walimtii kwa nguvu ya dawa zake. Kwenye karatasi ya Historia andika kwamba ndivyo inavyosimuliwa. Usiandike kwamba ndivyo ilivyothibitishwa. Kisha tumia Baiolojia yako, kwa sababu jambo lenyewe linawezekana kabisa hata bila muujiza.

Nyuki wa Afrika ni mkali kuliko ndugu yake wa Ulaya. Akichokozwa mzinga mmoja, hutoka wengi kwa pamoja na kumfuata adui mita mia kadhaa. Anapochoma, mwiba wake wenye vinyuzi hunasa kwenye ngozi, akaacha na kifuko cha sumu, naye akafa. Pale alipochoma hubaki harufu, inayofanana kidogo na ya ndizi mbivu, ambayo huwaambia wengine wachome papo hapo. Huvutwa pia na pumzi ya mtu na rangi nyeusi, ndiyo maana uso na kichwa hushambuliwa kwanza. Fikiria askari aliyebeba bunduki ya kujaza risasi moja moja. Anaweza kumlenga mtu. Nyuki atamlenga vipi? Mlina asali, kwa upande mwingine, anajua mzinga uko wapi na upepo unavuma kutoka wapi. Anajua pia moshi: moshi hufunika ile harufu ya hatari, na nyuki huacha vita wakakimbilia kujaza asali tumboni. Mwenye elimu hiyo ana silaha, na ana kinga ya silaha hiyohiyo. Hapo ndipo uganga wa Liti ulipokuwa na maana ya kijeshi.

(Kwa wale wa karatasi ya Kiswahili: neno mzinga ni la nyuki na pia ni la vita. Ukiulizwa mfano wa neno lenye maana zaidi ya moja, huo hapo.)

Tiba ya kijeshi ya leo huziweka hatari zisizo za risasi katika makundi ya kemikali, viumbe hai na mionzi. Nyuki wamekaa kwenye mpaka wa makundi mawili, kwa kuwa ni viumbe hai lakini kinachodhuru ni sumu yao. Mkataba wa Silaha za Kibaiolojia wa mwaka 1972 umeliona hilo, kwani unakataza vijidudu vya magonjwa na pia sumu zitokanazo na viumbe. Hata utaratibu wa kujikinga unafanana: ondoka penye hatari, funika uso na njia ya hewa, ondoa sumu mwilini haraka, ndipo utibu. Kwa nyuki maana yake ni kukimbia hadi ndani ya nyumba, kukwangua miiba ndani ya dakika ya kwanza kwa sababu kifuko huendelea kusukuma sumu, kuosha, na kuweka kitambaa cha maji baridi. Mwenye mzio mkali anaweza kufa kwa mchomo mmoja kwa kuvimba koo na kushuka kwa shinikizo la damu. Asiye na mzio, akichomwa mara mia kadhaa, anaweza kuharibika figo siku zinazofuata. Wote wawili ni wa hospitali.

Watahiniwa wengi humchanganya Liti na Kinjikitile. Kinjikitile, aliyenyongwa Agosti 1905, aliwapa watu maji ya kuwakinga na risasi. Maji hayo yaliwaunganisha makabila mengi ya kusini, na hiyo ndiyo kazi yake kubwa, lakini hayakuzuia risasi hata moja. Dawa ya Kinjikitile ilikuwa ya kuulinda mwili. Silaha ya Liti ilikuwa ya kumfikia adui, na iliuma kweli. Wote wawili walikuwa waganga walioongoza watu wasio na mtawala mmoja, na ukiulizwa nafasi ya imani katika upinzani, waweke aya moja.

Lakini nyuki hawashindi dola. Mzinga ukishatumika umetumika, na nyuki hawaendi kuizingira boma. Wajerumani waliporudi walikuwa na muda, askari wengi, na ile mbinu waliyoitumia kusini ya kuchoma vyakula na kutwaa mifugo hadi watu washindwe kwa njaa. Liti aliuawa na Wajerumani. Watu wake walibaki na kodi, na baadaye wengi wakaenda kutafuta fedha yake katika vibarua vya reli na mashamba ya mkonge.

Jina lake lilibaki nyumbani muda mrefu kabla ya kufika vitabuni. Siku hizi wapenda mpira nchi nzima wanalitamka, kwa kuwa uwanja wa Singida mjini, uliokuwa ukiitwa Namfua, sasa unaitwa Liti. Wengi wao hawajui kwamba ni jina la mwanamke.

Jipime kwa hili. Novemba 1914, huko Tanga, jeshi la Waingereza lenye askari wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, lilishindwa na Wajerumani wasiozidi sana 1,000. Katikati ya mapigano milio ya bunduki ilivuruga mizinga ya nyuki, nyuki wakachoma pande zote mbili, na Waingereza wengi wakaamini kwamba Wajerumani walikuwa wamewatega. Hawakuwatega. Andika aya mbili ukieleza tofauti ya nyuki wa Tanga na nyuki wa Liti, na katika aya ya pili eleza ni aina gani ya chanzo cha historia inayokupa habari za kila upande.