Charcot, dokta aliyesoma ubongo wa maiti

Kuna Mfaransa mmoja, Jean-Martin Charcot. Kazaliwa Paris 1825, babake fundi wa magari ya farasi. Mwaka 1862 akaanza kazi ya udaktari Salpêtrière, hospitali iliyojaa maelfu ya akina mama maskini. Jamaa alikuwa anaandika kila kitu: nani anatetemeka akinyoosha mkono, nani macho yanacheza, nani anaongea kwa kukatakata. Wakifa anawapasua, analinganisha. Ndipo 1868 akaeleza yale makovu ya ubongo na uti wa mgongo, ugonjwa unaoitwa maltipo sklerosisi. Ndani ya ubongo wa mtu hai hakuwahi kuona. Kafa 1893, picha za kwanza za MRI za ugonjwa huu zilitoka 1981.

Kinachoniuma mie: vitabu vilikaa miaka kibao vikisema huu ni ugonjwa wa Wazungu. Kumbe Wamarekani weusi wanaupata, na picha zao mara nyingi zinaonyesha makovu mengi zaidi na ubongo kusinyaa haraka. Kuchelewa kutibiwa nako kumo. Huku Karagwe na Kyerwa mtu akianza kuyumba, neno karogwa nalisikia mara nyingi kuliko MRI.