Apolo Kagwa, Katikiro wa Buganda

Wasomaji wetu wa Bukoba na Muleba walio wazee hawahitaji kufundishwa maana ya gombolola. Baba zao walilipa kodi kwa mkuu wa gombolola, walishtakiana mbele yake, na kwa amri yake walitoka na majembe kutengeneza barabara. Hata baada ya utawala wa Bakama kukomeshwa, miaka michache baada ya uhuru, neno lenyewe halikusahaulika upesi. Lakini si neno la Kihaya. Lilitoka Buganda, upande wa kaskazini ya Kiziba, likaingia kwetu pamoja na utawala wa Waingereza, Wadachi walipokwisha kuondoka mwaka 1916. Kwa hiyo twaona inafaa kusimulia maisha ya Apolo Kagwa, aliyeushika mpango ule wa utawala huko kwao kwa muda wa miaka ipatayo 37, kisha akauacha kwa huzuni.

Apolo Kagwa alizaliwa karibu na mwaka 1865, katika ukoo wa Nsenene, ambao mwiko wao ni mdudu yule yule ambaye kwetu Bukoba huliwa kwa furaha na kupelekwa kwa wageni kuwa zawadi. Angali kijana alipelekwa kutumika katika nyumba ya Kabaka, yaani mfalme, kama ilivyokuwa desturi ya watoto waliotazamiwa kupata vyeo. Kabaka Mutesa alikuwa akitawala, na wamisionari wa Kiingereza walikuwa wamefika Buganda tangu mwaka 1877. Vijana wa nyumba ya mfalme ndio waliokuwa wa kwanza kujifunza kusoma, na Kagwa alikuwa miongoni mwao.

Mutesa akafa mwaka 1884, mwanawe Mwanga akatawala. Siku hizo zilikuwa za hatari kwa wasomaji. Mwaka 1886 wengi waliuawa, na tarehe 3 Juni vijana wengi wakachomwa moto Namugongo. Kagwa naye alishikwa, akapigwa na kujeruhiwa, lakini hakuuawa. Baadaye Mwanga yule yule alimpa kazi ya kusimamia ghala yake, kwa kuwa alimwona ni mtu hodari na mwenye kuweka hesabu sawasawa.

Mwaka 1888 Mwanga aliondolewa katika kiti chake, na Wakristo wakakimbilia Ankole. Walirudi kwa vita, wakamrudisha Mwanga mwaka 1889, na katika msukosuko huo Kagwa akafanywa Katikiro. Cheo hicho chajulikana kwetu pia: ni mtu wa kwanza baada ya mfalme, ambaye neno la mfalme hupita kinywani mwake. Alikuwa na umri wa miaka kama 24 tu.

Hatutaki kumfanya malaika. Mwaka 1892 Wakristo wenyewe walipigana huko Mengo, Waprotestanti na Wakatoliki, na Kagwa alikuwa mkuu wa upande ulioshinda kwa msaada wa Kapteni Lugard na bunduki yake ya mzinga. Walioshindwa wengi walikimbilia Buddu. Askofu Hirth alivuka mpaka akaja upande wetu, na kituo cha Kashozi kikaanzishwa mwaka huo huo. Basi kitu kinachosimama Bukoba mpaka leo ni tunda la ugomvi ule wa Mengo. Tangu hapo vyeo vya Buganda viligawanywa kwa kutazama dini ya mtu, na upande wa Katikiro haukupata fungu dogo.

Mwaka 1897 Mwanga aliwaasi Waingereza. Alishindwa vitani katika Buddu, akaingia katika nchi ya Wadachi, nao wakamshika wakamweka Mwanza. Mwanawe, Daudi Chwa, mtoto wa mwaka mmoja, akafanywa Kabaka. Mtoto hawezi kutoa amri. Kwa hiyo watu watatu waliwekwa kutawala kwa niaba yake: Apolo Kagwa, Stanislaus Mugwanya aliyekuwa Mkatoliki, na Zakaria Kisingiri. Katika miaka hiyo kazi kubwa ya Kagwa ilionekana wazi.

Tangu zamani Buganda ilikuwa imegawanywa katika nchi kubwa zinazoitwa saza, kila moja na mkuu wake mwenye jina la cheo: Pokino wa Buddu, Mukwenda wa Singo, Sekibobo wa Kyagwe, na wengine. Kila mkuu wa saza alipaswa kutunza barabara itokayo kwake mpaka mji wa Kabaka, ili wajumbe wapite upesi. Mfalme alipotaka neno lifanyike, alimtuma mjumbe, naye alilichukua kichwani. Lakini neno lililochukuliwa kichwani laweza kupunguka njiani, au kuongezeka. Mjumbe mwenye tamaa aliweza kudai mbuzi watano mahali ambapo mfalme alitaka mmoja, na mtu wa kijijini hakuwa na njia ya kujua ukweli.

Tarehe 10 Machi 1900 mapatano yalitiwa sahihi baina ya Sir Harry Johnston, mjumbe wa serikali ya Uingereza, na wakuu wa Buganda. Nchi ilihesabiwa kuwa na saza 20. Kila mkuu wa saza aliwekewa mshahara wa pauni 200 kwa mwaka, na kazi zake zikaandikwa: kuamua mashauri, kukusanya kodi, kutunza barabara kubwa, na kuangalia mambo ya watu kwa jumla. Kodi yenyewe ilikuwa rupia 3 kwa kila nyumba na rupia 3 kwa kila bunduki. Baraza kuu, yaani Lukiko, liliwekwa kuwa na watu 89: wakubwa watatu wa ufalme, wakuu 20 wa saza, watu watatu kutoka kila saza, na sita waliochaguliwa na Kabaka. Chini ya saza zilikuwako gombolola, na chini ya gombolola miruka, yaani vijiji pamoja na mashamba yake.

Kagwa alikuwa mtu wa kalamu. Mambo ya Lukiko yalikuwa yakiandikwa katika madaftari tangu mwaka 1894. Jambo likikubaliwa Mengo, barua ilikwenda kwa wakuu wa saza. Nao waliwaandikia wa gombolola. Wa gombolola waliwaambia wa miruka. Na wa miruka waliwaita watu. Majibu yalirudi kwa njia ile ile. Barua 20 zilitosha kuamsha nchi nzima. Na mtu aliyeonewa gombolola alikuwa na njia ya kupanda: aliweza kupeleka shauri lake saza, na kutoka saza mpaka Lukiko.

Jambo hili si geni duniani. Waingereza wenyewe, zaidi ya miaka 800 iliyopita, walitawaliwa hivyo. Mfalme alikuwa na msimamizi wake katika kila jimbo, na alimpelekea amri fupi iliyoandikwa juu ya ngozi na kutiwa mhuri wa nta: mrudishie fulani shamba lake, kusanya deni hili, mlete fulani mbele ya waamuzi. Na huko nako wasimamizi walikula mali ya watu. Mwaka 1170 Mfalme Henry wa Pili alirudi kutoka ng'ambo ya bahari, akaamuru wote wachunguzwe, akawaondoa wengi katika kazi. Twaona basi kwamba barua yenye mhuri humlinda mnyonge kwa sharti moja tu, kwamba aliyeituma arudi kuuliza imetimizwaje.

Mwaka 1902 Kagwa alisafiri mpaka London kuhudhuria sherehe ya kumtia taji Mfalme Edward wa Saba, pamoja na mwandishi wake Ham Mukasa, ambaye aliandika kitabu cha safari hiyo. Mfalme aliugua, na sherehe ikangojewa mpaka tarehe 9 Agosti. Mwaka 1905 alipewa heshima ya kuitwa Sir. Alikuwa amekwisha kutoa kitabu cha habari za wafalme wa Buganda mwaka 1901, na mwaka 1905 alitoa kingine cha desturi za Waganda. Hivyo twamshukuru si kwa amri zake tu, bali kwa kumbukumbu pia.

Nguvu ya mpango wake ilijaribiwa na ugonjwa wa malale, ulioua watu zaidi ya 200,000 katika Uganda katika miaka michache ya kwanza ya karne ile. Serikali ilipotaka watu wote wahame kando ya ziwa, tangu mwaka 1906, hapakuwa na askari wa kutosha kuwaondoa kwa nguvu. Wakuu wa saza na wa gombolola ndio waliofanya kazi hiyo. Kumwambia mvuvi aiache pwani ya babu zake ni jambo zito. Lakini amri ilifika mlangoni kwake kwa mkono wa mtu anayemjua.

Lakini mkono ulioandika mema uliandika na machungu. Katika mapatano ya 1900, maili za mraba 8,000 zilitengwa kuwa milki ya wakuu na watu wengine wenye vyeo. Lukiko lenyewe, likiongozwa na Kagwa, liligawa mashamba hayo, na wagawaji hawakujisahau. Mkulima aliyelala mwenye shamba la migomba aliamka mpangaji. Sisi tulioijua habari ya nyarubanja katika Buhaya twaelewa upesi jambo hili: mtu hulima, na mwingine hupokea. Bataka, yaani wakuu wa koo, walilalamika kwamba makaburi ya wazee wao yamepewa wengine. Malalamiko yao yalifika mbele ya Kabaka na serikali baada ya mwaka 1920, na Kagwa alisimama kuwapinga. Sheria ya kupunguza madai ya wenye mashamba juu ya wapangaji ilitolewa mwaka 1927, wakati yeye hayupo tena.

Mwisho wake ulikuja kwa jambo lililoonekana dogo, ruhusa za pombe. Daudi Chwa alikuwa amekwisha kukabidhiwa utawala wake tangu mwaka 1914, na maofisa wapya wa Kiingereza hawakuyajua mambo ya zamani. Mmoja wao, Bwana Postlethwaite, aliyesimamia Buganda, alianza kuwaagiza wakuu wa chini moja kwa moja, bila kumpitia Katikiro, na ugomvi ukazuka juu ya nani ana haki ya kuamuru habari ya ruhusa hizo. Kagwa hakuona kwamba ugomvi ni wa pombe. Aliona kwamba njia ya amri inavunjwa. Mkuu wa gombolola akipokea barua mbili kutoka kwa mabwana wawili, amtii yupi? Na mwananchi akionewa, ampelekee nani mashtaka yake? Alipeleka shauri juu, lakini Gavana Gowers alisimama upande wa ofisa wake. Mwaka 1926 Apolo Kagwa, mzee wa miaka 60 na zaidi, aliacha kazi. Mwezi wa Februari 1927 alikufa Nairobi.

Twajifunza nini, sisi tunaosimamia mitaa na watu wachache? Kwanza, amri ipite njia inayojulikana. Mwenye mamlaka amwonapo msaidizi wake kuwa mzembe, amwonye au amwondoe. Asimruke, kwani akimruka ameivunja njia ambayo yeye mwenyewe ataihitaji kesho. Pili, jambo liandikwe, lisiachwe vinywani mwa watu; daftari halina ndugu wala adui. Tatu, tusisahau kwamba njia nzuri yaweza kupitisha neno lisilo la haki. Barua za kuwaokoa watu na malale na barua za kuwagawia wakubwa mashamba zilikwenda kwa barabara moja na kwa mhuri mmoja.

Ufalme wa Buganda ulivunjwa mwaka 1967 na kurudishwa mwaka 1993, na cheo cha Katikiro kipo Mengo hata leo. Magombolola ya Bukoba yamekwisha, na mahali pake pana kata na vijiji. Lakini swali lililompata mkulima wa Buganda siku za Kagwa humpata mtu kila mahali barua ya mkubwa isomwapo barazani: neno hili limetoka kwa nani, na likinionea, niende wapi? Mwenye kuongoza watu, awe wa serikali au wa kanisa, na awe tayari kumjibu.