Mkaguzi wa Kazi Asiwe wa Kwanza Kupunguzwa

Wazee wa milima ya Buha, kuanzia Kibondo na Kasulu hadi Manyovu iliyo leo katika Wilaya ya Buhigwe, wanalijua vema neno manamba. Ndilo jina walilopewa vijana walioacha mashamba ya baba zao, wakateremka kwa miguu hadi kwenye reli, wakaenda kukata mkonge mikoa ya mashariki. Kijana alipoandikishwa alipewa namba, na tangu hapo aliitwa kwa namba. Waliorudi walileta nguo na fedha ya kodi. Wengine walileta kifua kibovu. Na wengine hawakurudi kabisa. Mtu wa kwanza kukabidhiwa na serikali ya kikoloni ya Tanganyika ofisi ya kuwaangalia watu hao alikuwa Meja Granville Orde-Browne. Tunaona inafaa kuyasimulia maisha yake kwa wasomaji wetu wa visiwani na kwa watumishi wa Serikali, maana yamebeba funzo lisilozeeka.

Orde-Browne alikuwa Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1883. Alianza maisha yake ya utumishi akiwa ofisa wa mizinga, na mwaka 1909 akaingia katika utawala wa Kenya, akapangiwa kazi miongoni mwa Waembu na Wachuka chini ya Mlima Kenya. Vita Kuu ya Kwanza ilimleta Tanganyika, na baada ya Wajerumani kushindwa akabaki huku akiwa mtawala. Tusimpambe kwa sifa asizostahili. Hakuwa mpigania uhuru, wala hakuwa na shaka juu ya haki ya Mwingereza kumtawala Mwafrika. Sheria aliyoisimamia ndiyo iliyomfanya mfanyakazi aliyevunja mkataba kuwa mhalifu wa kufungwa jela. Lakini ndani ya mipaka hiyo alikuwa na tabia moja adimu kwa watawala wa siku zile: alikwenda kutazama kwa macho yake.

Mwaka 1926 Gavana Donald Cameron alianzisha Idara ya Kazi, na Orde-Browne akawa Kamishna wake. Mashamba ya mkonge yalikuwa yakipanuka kwa kasi, na mikono iliyotakiwa ilitoka mbali, Buha ikiwa mojawapo ya nchi zilizoitoa. Kamishna na maafisa wake wachache walikagua makambi ya wafanyakazi, wakauliza posho ni kiasi gani, maji yanatoka wapi, vyoo viko wapi na nani anatibu wagonjwa. Zilisimamishwa kambi za mapumziko katika njia za wasafiri, ili mtu aliyetembea siku nyingi apate chakula na dawa kabla ya kufika kazini. Haya yanaonekana madogo. Lakini kwa mara ya kwanza kulikuwa na mtu mwenye mamlaka ya kuingia katika shamba la tajiri na kuuliza kwa nini watu wamekufa.

Kisha ukaja mdororo wa uchumi wa dunia. Bei ya mkonge ikaanguka, hazina ikakauka, na serikali ikatafuta mahali pa kubana matumizi. Mwaka 1931 Idara ya Kazi ikafutwa baada ya miaka mitano tu, kazi zake wakaachiwa maofisa wa majimbo na wilaya waliokuwa tayari wameelemewa na kodi na kesi, naye Orde-Browne akaondoka katika utumishi wa Tanganyika. Mashamba hayakufungwa. Mashine za korona ziliendelea kusaga majani, na katika vyumba vya brashi vumbi la mkonge liliendelea kupanda. Kilichofungwa ni jicho la kuwaangalia waliokuwa wakilivuta.

Mwaka huohuo wa 1931, huko kwao Uingereza, Serikali ilikuwa ikitunga kanuni za kuwalinda wafanyakazi wa viwanda vya asbesto. Asbesto ni jiwe lenye nyuzi nyembamba mno zisizoungua, na vumbi lake likiingia mapafuni halitoki. Mkaguzi wa kike wa viwanda, Lucy Deane, alikwisha kutoa onyo juu ya vumbi hilo katika taarifa ya mwaka 1898, lakini hakusikilizwa. Ilibidi wangojee hadi Dakta Merewether, naye pia mkaguzi, alipowapima wafanyakazi 363 na kukuta zaidi ya robo yao mapafu yamekakamaa. Taarifa yake ilitoka mwaka 1930, na kanuni zikafuata: vumbi livutwe kwa mashine na wafanyakazi wapimwe na daktari. Hata hivyo kanuni hizo zilihusu kazi chache za viwandani tu. Waliokata na kuezeka asbesto mahali pengine waliachwa nje.

Tazama basi jinsi mwaka mmoja ulivyotoa mambo mawili yanayopingana. Kwa wafanyakazi wa Uingereza mkaguzi aliongezewa nguvu. Kwa manamba wa Buha mkaguzi aliondolewa ili kuokoa fedha.

Orde-Browne hakuiacha kazi yake. Mwaka 1933 alichapisha kitabu kuhusu mfanyakazi wa Kiafrika, akieleza mikataba, makazi, chakula na afya, na katika miaka hiyo alitumikia kamati ya Shirika la Kazi Duniani. Mwaka 1938, baada ya machafuko ya wafanyakazi katika visiwa vya Karibi, London ilimfanya mshauri wa mambo ya kazi katika makoloni yote, naye akazunguka kutoka Rhodesia ya Kaskazini hadi Mauritius. Taarifa yake ya hali ya kazi katika Afrika Mashariki ilitoka mwaka 1946, naye akafariki mwaka uliofuata. Sheria ya viwanda ya Tanganyika ilipitishwa mwaka 1950, miaka mitatu baada ya kifo chake.

Leo nchi ni yetu, na sheria ni zetu. Tanzania Bara ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na Zanzibar ina yake ya mwaka 2005. Lakini majengo mengi ya umma yaliyojengwa nchini katika miaka ya 1960 hadi 1980 yaliezekwa kwa asbesto. Paa hilo likiwa zima halina hatari kubwa. Hatari huja siku linapovunjwa. Kibarua hupanda juu bila kinga, hupiga nyundo, hufagia vumbi likiwa kavu, na jioni hurudi kwa watoto wake na nguo zilezile. Hakohoi siku hiyo, wala mwaka huo. Ugonjwa huchukua miaka 20, 30 au zaidi kujitokeza, na hapo atakuwa amekwisha kurudi kijijini, pengine Buhigwe, ambako atadhaniwa ana kifua kikuu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba asbesto iliyovutwa kazini huua watu zaidi ya 200,000 kila mwaka.

Ndiyo maana jambo hili haliwezi kuachiwa macho ya mfanyakazi mwenyewe, wala huruma ya mkandarasi. Adui asiyeonekana kwa miaka 30 hulindwa na kila bajeti inayompunguza mkaguzi, kwa kuwa hasara ya kumpunguza haionekani mwaka huo wa fedha.

Kwa hiyo tunawaomba wakuu wa idara, Bara na Visiwani, watende mambo matatu. Paa la asbesto lisishushwe bila mkaguzi kufika kwanza. Kazi ifanywe kwa kulowesha, kwa barakoa zifaazo, na mabaki yafungwe na kuzikwa mahali palipopangwa. Na majina ya waliofanya kazi hiyo yaandikwe na kutunzwa, ili daktari wa kesho ajue anachokitafuta. Wazee wa Buha waliandikwa kwa namba, na hesabu ya vifua vyao ikapotea. Wajukuu wao waandikwe kwa majina, na fungu la mkaguzi lisiguswe.