Emil Fischer: Alishindwa na biashara ya mbao, akafungua siri ya protini

Lile yai la kuchemsha unalonunua stejini, likapasuliwa na kujazwa kachumbari, halikai yai kwa muda mrefu. Ndani ya saa chache mwili wako umelivunjavunja hadi vipande vidogo sana vinavyoitwa asidi amino. Halafu unaanza kuvipanga upya: hiki kiende kwa msuli, kile kwa nywele, kingine kwa damu.

Hebu fikiria shanga. Asidi amino ni shanga, protini ni mkufu. Mwili hutumia aina 20 hivi za shanga, lakini ukibadilisha mpangilio unapata mkufu mwingine kabisa. Leo hayo yanafunzwa shuleni. Miaka 120 iliyopita, wataalamu walikuwa bado wanabishana protini ni kitu gani hasa. Jamaa aliyekaa chini akaanza kuzifunga shanga hizo, moja baada ya nyingine, ni Mjerumani kwa jina Emil Fischer.

Fischer alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1852 katika mji wa Euskirchen, si mbali na Bonn. Mzee wake alikuwa mfanyabiashara, na si unajua wazazi wenye biashara walivyo: lazima mrithi apatikane. Kijana alipomaliza shule 1869, tena kwa alama nzuri, akaingizwa kwenye biashara ya mbao. Hakuiweza. Moyo wake ulikuwa kwa sayansi, hasa fizikia. Mwishowe mzee alisalimu amri, akamwacha aende Chuo Kikuu cha Bonn mwaka wa 1871.

Mimi mwenyewe niliacha chuo, kwa hivyo sitakudanganya ati kila anayeshindwa na jambo moja ana lingine kubwa linalomngoja. Fischer alikuwa na bahati. Baba alikuwa na uwezo, na binamu yake Otto alimshawishi waende pamoja Strasbourg 1872. Huko akakutana na mwalimu Adolf von Baeyer, na kemia ikamteka. Kufikia 1874 alikuwa na shahada ya udaktari.

Mwaka uliofuata akapata kemikali iliyobadilisha maisha yake: fenilihidrazini. Zamani, kuchunguza sukari ilikuwa mateso, kwa sababu maabarani nyingi zilibaki majimaji yanayonata tu. Ukizichanganya na kemikali hii, zinatoa fuwele za manjano unazoweza kuzipima na kuzitofautisha. Kwa njia hiyo Fischer aliipanga familia nzima ya sukari. Pia alichambua kundi la kemikali ambamo kafeini ya chai na kahawa yako imo. Kazi hizo mbili zilimpa Tuzo ya Nobel ya Kemia 1902, ya pili kuwahi kutolewa.

Lakini kemikali hiyo hiyo ilimla. Alikuwa akivuta mvuke wake miaka nenda miaka rudi, na sumu ikamharibu afya. Kama unapuliza rangi magari au unashinda saluni ukinusa dawa za nywele, hapo usipite haraka. Sifa zilikuja, lakini mwili ulikuwa ushaanza kulipa.

Nyumbani nako mambo hayakuwa rahisi. Alimwoa Agnes Gerlach 1888. Miaka saba baadaye mkewe alifariki, akamwachia wavulana watatu.

Ni baada ya msiba huo, akiwa profesa Berlin, ndipo alipozigeukia protini, kuanzia 1899. Kwanza akabuni njia bora ya kutenganisha asidi amino zilizochanganyika. Akapata nyingine mpya, kama prolini, aliyoitoa kwenye protini ya maziwa 1901. Kisha akaanza kuziunganisha. Mwaka huo huo alifunga mbili pamoja. Minyororo hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa peptidi. Kufikia 1907 alikuwa na mnyororo wa shanga 18: glisini 15 na leusini 3.

Kumi na nane! Unaweza kucheka. Insulini, ambayo ni protini ndogo, ina 51, na nyingine zina mamia au maelfu. Fischer alijua bado yuko mbali sana na yai. Alichokuwa ameonyesha ni kwamba njia ipo: shanga hushikana kwa fundo la aina moja, na fundo hilo mtu anaweza kulifunga maabarani.

Usimfanye malaika, lakini. Mwaka wa 1914 alikuwa miongoni mwa wasomi 93 waliotia sahihi waraka wa kuitetea Ujerumani vitani, na alitumia ujuzi wake kuisaidia nchi yake katika vita hivyo. Vita havikumhurumia. Wanawe wawili walifariki katika miaka hiyo. Yeye mwenyewe, akiugua saratani, aliaga dunia Berlin tarehe 15 Julai 1919. Aliyebaki ni Hermann, ambaye pia alikuja kuwa mwanakemia.

Wengine waliushika uzi. Kufikia 1955 Frederick Sanger wa Uingereza alikuwa amesoma mpangilio wa shanga zote 51 za insulini. Mwaka wa 2024, Tuzo ya Nobel ya Kemia ilienda kwa David Baker, anayebuni protini mpya kabisa kwa kompyuta, pamoja na Demis Hassabis na John Jumper, ambao programu yao ya AlphaFold hutabiri mkufu utajikunja vipi. Programu hiyo imeshatabiri maumbo ya protini zaidi ya milioni 200.

Kwa hivyo ukiona umekwama kwenye shanga yako ya kumi na nane na mkufu bado hauonekani, kumbuka mzee wa Berlin. Yeye hakuuona pia. Ila fundo alilolifunga ndilo tunaloendelea kulifunga hadi leo.